Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Katikati ya Arusha Pawe pa Kukaa, Sio pa Kupita Tu

Ndugu wanachama, wenye maduka, wapangaji, mama lishe, na wazee wetu wa mitaa ya kati,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Wengi mmelipa ada kwa wakati, kamati ya usafi imeshughulikia mitaro hata masika yalipozidi, na hesabu atazisoma mweka hazina. Muda uliobaki nauomba kwa jambo lililotawala vikao vyetu vyote: katikati ya jiji letu tupapange upya vipi?

Jua likizama sote tunajua kinachotokea. Maduka yanafungwa, na ukitembea kutoka Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine unakutana na walinzi. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya Serengeti na Ngorongoro analala usiku mmoja, alfajiri yuko ndani ya gari, hajanywa hata kahawa kwetu. Mwenyeji naye akimaliza shughuli za Soko Kuu anakimbilia daladala, kwa kuwa hakuna kivuli wala benchi la kumpumzisha. Maghorofa tunayo na mengine yanajengwa. Tulichokosa ni mahali pa mtu kukaa, na mwenye duka anapoteza mteja kwa sababu hiyo hiyo.

Pendekezo la kwanza ni Barabara ya Boma. Ni fupi, inaanzia Mnara wa Saa na kwenda hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Tunataka jiji liifunge kwa magari Jumapili kuanzia adhuhuri, ibaki ya watu: watoto na baiskeli zao, wachoraji, wauza vitabu vya mitumba, ngoma, nyama choma. Kigali walifunga barabara moja ya katikati ya mji wao mwaka 2015, na baadaye wakaipanda miti na kuiwekea mabenchi. Zanzibar, Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, na kila jioni imejaa wenyeji na wageni wakila urojo meza moja. Sioni kwa nini Arusha ishindwe.

Wenzetu wenye maduka wanahofia kupoteza maegesho. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana tunaomba majaribio ya Jumapili tu, na magari ya wagonjwa na zimamoto yabaki na njia yake. Lakini nitasema ninachoamini: gari moja likiegeshwa mbele ya duka kutwa nzima linamzibia mwenye duka nafasi ambayo watu kumi wangesimama kutazama bidhaa zake.

Pendekezo la pili ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Mito ya Themi na Naura inashuka kutoka Mlima Meru na kukatiza mjini, nasi tumeipa mgongo. Tunaivuka darajani bila kuitazama, na baadhi yetu tunaitupia taka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huichukua sheria hiyo kama kizuizi. Mimi naiona kama bustani ambayo tayari tumetengewa: njia ya miguu isiyosakafiwa, miti ya asili ya kushika kingo, taa, na vijana walioajiriwa kuitunza. Seoul, huko Korea Kusini, walivunja barabara ya juu iliyofunika kijito chao, na mwaka 2005 maji yakarudi kuonekana katikati ya mji. Sisi hatuna cha kuvunja. Tunahitaji kuzoa taka, na kukaa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kabla ya kupanda mche hata mmoja.

Wamachinga hatutawazungumzia kama kero. Wao ndio wanaoleta watu mtaani. Tunapendekeza zamu: maduka yakifunga jioni, sehemu ya mbele iwe ya meza zao, zenye mipaka iliyochorwa, taa na mapipa ya taka, na wawakilishi wao waingie kwenye kamati yetu mwaka huu.

Kuhusu majengo ya zamani yenye duka chini na nyumba juu, ghorofa nyingi za juu leo ni stoo. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, hivyo mwenye jengo anaweza kuuza au kupangisha ghorofa hizo kwa familia. Familia zikirudi, taa zitawaka madirishani usiku.

Mwaka 2027 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, inaandaa AFCON. Wageni watakuja. Ila benchi na mti tunavitaka kwa ajili ya bibi anayetoka sokoni na kikapu chake, mashindano yawepo au yasiwepo.

Naomba mridhie mambo mawili: barua kwa Mkurugenzi wa Jiji kuhusu majaribio ya Barabara ya Boma, na kamati ndogo ya mito itakayoanza kwa kupima kingo za Naura. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono mara baada ya mweka hazina kumaliza. Wapangaji na wauzaji wa mezani, nanyi mna kura.