Kadi ya picha si dawa ya kila kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri wanaopewa vijana wetu wa Tanga wanaocheza gemu kwenye kompyuta za mezani za mitumba, kwamba wanunue kadi mpya ya picha, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, hata kabla kompyuta haijafunguliwa.

Kipimo cha kujua kinachokwamisha gemu kipo, tena hakina gharama: punguza idadi ya nukta za picha ya gemu (resolution) kutoka 1080p hadi 720p, kisha utazame idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, kwa sekunde; zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa, lakini zikibaki palepale, kinachokwamisha huenda ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya bei mbaya haitasaidia kitu. Diski ya SSD, ile ya kuhifadhia yenye kasi, hufupisha muda wa kufungua gemu, basi. Penye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 ya kipande kimoja, ambayo ndiyo ninayoikuta mara nyingi, kiongezwe kipande cha pili kinachofanana nacho ili vifanye kazi sambamba.

Pawasapulai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nayo itazamwe wati zake, kwani kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazina hata waya wa kulishia kadi kubwa. Na kwa joto hili la pwani, vumbi la feni lisafishwe kwanza, maana prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe.

Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga