Alama 41 au mikwaju 69? Gofu ielezwe msomaji aielewe

Mhariri,

Kurasa za michezo za magazeti yetu huripoti gofu kana kwamba kila msomaji amezaliwa na fimbo mkononi. Wiki hii mshindi ana alama 41 na mwenye 30 yuko mkiani. Wiki ijayo mshindi ana 69, na mwenye 75 ndiye aliyeachwa nyuma. Asiyeujua mchezo hajui kama nambari kubwa ni sifa au ni aibu, basi anafungua ukurasa wa soka. Sisi tunaoufundisha tungependa nafasi kidogo ya kulinyoosha jambo hili.

Kiwanja kamili kina mashimo 18. Kila shimo limepangiwa idadi ya mikwaju, yaani mipigo ya mpira, ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia, 3, 4 au 5, na idadi hiyo ndiyo pari. Pari ya kiwanja kizima mara nyingi ni 70 hadi 72. Ukitumia mkwaju mmoja pungufu ya pari umepata birdi, miwili pungufu ni igo, na mmoja zaidi ni bogi. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju yote, mwenye michache ndiye bingwa, ndiyo maana 69 inaishinda 75.

Lakini mashindano mengi ya vilabu vyetu mwishoni mwa wiki huchezwa kwa mtindo wa Stableford, uliopewa jina la daktari Mwingereza Frank Stableford. Hapo bogi ina alama 1, pari 2, birdi 3, igo 4, na aliyezidi bogi haandikiwi kitu. Mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Mtindo huu unawafaa wengi kwa sababu shimo moja lililoharibika haliharibu siku nzima: ukishaona huna alama ya kupata, unaokota mpira wako na kuelekea shimo linalofuata.

Sasa, alama hizo huhesabiwa baada ya handikapu, na hapa ndipo taarifa nyingi huwaacha wasomaji njia panda. Handikapu ni kipimo cha uwezo wa mchezaji, na tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja. Hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na haivuki 54. Viwanja havilingani kwa ugumu, kwa hiyo kila kimoja kina nambari ya ugumu wake, na 113 ndiyo ya kawaida. Mwenye handikapu 20 akienda kwenye kiwanja cha 130, unazidisha 20 kwa 130 na kugawanya kwa 113, anapata mikwaju 23 ya nyongeza. (Huongezwa au kupunguzwa kidogo pale ambapo kipimo cha kiwanja, yaani mikwaju inayotarajiwa kwa mwenye handikapu 0, hakilingani na pari yake.) Anapewa mkwaju mmoja kila shimo, na mitano iliyobaki inakwenda kwenye mashimo matano magumu zaidi, ambayo kadi ya kiwanja huyapanga kutoka la 1 hadi la 18. Kwa hiyo akimaliza shimo la pari 4 kwa mikwaju 5, na ana mkwaju mmoja wa nyongeza hapo, inahesabiwa kama pari na anaandikiwa alama 2. Mashimo 18 mara alama 2 ni 36: huyo amecheza sawasawa na kiwango chake. Mwenye 41 amekipita kiwango chake kwa mikwaju mitano. Bila kutaja handikapu, nambari hiyo haisemi lolote.

Msomaji akishaelewa hivyo, pengine atataka kujaribu. Wengi huanza kwa kukosea, nao hukosea kwa namna ile ile: wanakimbilia uwanja wa mazoezi, wananunua ndoo ya mipira, wanachukua draiva, fimbo ndefu kuliko zote, na kupiga kwa nguvu zao zote. Tazama hesabu ya pari yenyewe. Kila shimo limetengewa mikwaju miwili ya kusukuma mpira ukiwa tayari kwenye grini, yaani 36 kati ya 72. Nusu ya mchezo iko kwenye majani yale mafupi kuzunguka shimo, na kusukuma hakuhitaji misuli. Anza pale, umbali wa mita moja, kisha mbili, kisha tano, ndipo urudi nyuma polepole. Makosa ya mwanafunzi kwenye grini mara nyingi ni ya mwendo wa mpira kuliko ya mwelekeo. Lenga mpira ambao, kama ungelikosa shimo, ungesimama sentimita 30 hadi 45 baada ya kulipita. Ukiupiga dhaifu hauwezi kuingia, hata kama mwelekeo ulikuwa sahihi.

Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini mwanzo saba zinatosha kabisa: fimbo ya kusukumia, weji ya mchanga na weji ya kawaida (fimbo fupi za kuupeleka mpira juu), chuma namba 9 na namba 7, haibridi moja (mchanganyiko wa chuma na mbao), na mbao namba 5, fimbo ndefu ya kupigia mbali. Zilizotumika zinafaa, ila kagua kwanza. Kishikio kilichokauka na kuwa kigumu huteleza, nawe hujikuta unakaba kwa nguvu. Mpini wa chuma wenye kutu au mbonyeo hukatika. Na tafadhali, wazazi, msimkatie mtoto fimbo ya mtu mzima: inakuwa fupi, lakini kichwa kinabaki kizito na mpini unakuwa mgumu usiopinda, asiweze kuizungusha.

Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, kishikio hulala kwenye vidole vya mkono wa kushoto, si kiganjani. Ukiangalia chini unapaswa kuona vifundo viwili au vitatu vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo utafika kwenye mpira ukiwa umefunguka, yaani umeelekea kulia, na mpira utakunja kwenda kulia. Mwanafunzi akiona hivyo hujielekeza kushoto ili kufidia, na kwa kufanya hivyo huuzidisha ugonjwa, kwa sababu fimbo sasa inakata mpira kutoka nje kuja ndani.

Kosa la pili ni kujaribu kuuinua mpira. Uso wa namba 7 tayari umelazwa kiasi cha nyuzi 30 na kitu, na mlalo huo ndio unaoupandisha. Anayejikunjua kifua ili kuuinua hugonga kichwa cha mpira nao ukatambaa. Anayebaki na uzito kwenye mguu wa nyuma huchimba ardhi kabla ya kuufikia. Dawa ya yote mawili ni moja: chora mstari kwenye majani, simama kana kwamba mpira uko juu yake, zungusha fimbo, na hakikisha alama ya kuchimba inaanzia kwenye mstari au mbele yake.

Majani nayo yana mengi ya kusema, na hili halipatikani kirahisi kwenye video za ng'ambo. Nyasi za kikuyu, asili yake nyanda zetu za juu, leo zimefunika hata kiwanja cha Riviera kule Los Angeles. Ni nene na ngumu. Huunyanyua mpira vizuri, lakini mpira wa kutambaa kuelekea grini hufia humo, kwa hiyo upeleke juu utue kwenye grini yenyewe. Pwani grini nyingi ni za aina za ukoka, nao hulala upande. Ukitazama kutoka nyuma ya mpira na majani yakang'aa, yameelekea shimo na mpira utakimbia. Yakiwa meusi yamekuelekea wewe, basi sukuma kwa nguvu zaidi. Ukishindwa kutambua, angalia ukingo wa shimo: upande uliochakaa ndiko ukoka unakoelekea. Makedi wenyeji, wale wanaombebea mchezaji fimbo, wanayajua haya usingizini, na mgeni anayelipa kedi kisha asimsikilize anatupa fedha zake. Na anayetoka Dar es Salaam kwenda Nairobi akumbuke kwamba hewa ni nyepesi kule juu: fimbo iliyokuwa ikimpelekea mita 140 itampa kama 148.

Kanuni nyingi mtu hujifunza akicheza, ila chache zinafaa kujulikana kabla. Mpira uliopotea hutafutwa dakika 3 tu, kisha unarudi ulipopigia na kuongezewa mkwaju mmoja. Ukiwa na shaka, tangaza na upige mpira wa akiba kabla ya kuondoka. Vigingi vyeupe ni nje ya kiwanja, adhabu ni hiyo hiyo. Vyekundu, mara nyingi penye maji, mkwaju mmoja, nawe unadondosha mpira kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka. Katika bunka, yaani shimo la mchanga, usiguse mchanga kwa fimbo unapofanya mzunguko wa majaribio, ni mikwaju miwili, na ukitoka sawazisha nyayo zako kwa reki. Shimo dogo ambalo mpira umelichimba kwenye grini huzibwa kwa kusukuma majani kutoka pembeni kuja katikati. Ukiinua udongo kutoka chini unakata mizizi na kuacha doa. Na mpira ukielekea kwa watu, piga kelele "Foo!" papo hapo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo: kila mnapochapisha matokeo, andikeni mtindo wa mashindano, pari ya kiwanja na handikapu ya mshindi. Kwa mfano: "Stableford, mashimo 18, pari 72, handikapu 23, alama 41." Hayo hayajazi hata mistari miwili ya safu yenu.

Walimu wa gofu,
Mombasa