Ndama akifa na maziwa yanakata

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi mfugaji wa huku Simanjiro, kila mwaka tunaitwa semina na wimbo ni uleule, ng'ombe zenu hazina tija, punguzeni mifugo mfuge kisasa, Friesian mmoja, yule ng'ombe wa maziwa wa kizungu, anashinda kumi wa kwenu. Kwa lita sibishi, zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, akikupa lita mbili kwa siku umshukuru. Ila huyo Friesian mleteni huku Oktoba, anywe maji siku moja aruke moja na kisima kiko mbali, halafu tuongee hizo lita.

Kinachosahaulika ni ndama. Zebu haachii maziwa kama ndama hayupo. Mama yangu akikamua asubuhi anamwacha kwanza ndama anyonye, maziwa yakishuka anamvuta pembeni anamfunga, anakamua kibuyu, chuchu moja mbili anamwachia ndama. Sasa ndama akipigwa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi za chini ya masikio zinavimba, anahema kwa tabu, wiki haiishi kaondoka, na mama yake anakata maziwa hapohapo. Ndama huna, maziwa ya miezi yote huna, watoto chai ya rangi. Hapo tija imepotea na hata hujafika kwenye wingi wa mifugo.

Na chanjo ipo jamani! Ndama anachomwa mara moja tu maishani, pamoja na sindano ya antibayotiki, anavalishwa hereni sikioni kuonyesha kachanjwa, na mnadani mnunuzi akiiona ile hereni hata bei anapandisha. Shida yake, chanjo yenyewe inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya baridi kali na ikishayeyushwa haingoji kesho, so lazima mkusanye ndama wengi siku moja. Sisi tulichanga maboma manne, bwana mifugo akasema Jumanne, akatokea Ijumaa, majirani wawili washahama na ng'ombe wao kutafuta majani, hesabu ya ndama haikutimia akageuza pikipiki. Watatu wa kwangu walikufa kabla hajarudi.

Ile kampeni ya chanjo ya 2025 tuliipokea vizuri tu, homa ya mapafu ng'ombe kwa bei ya ruzuku shilingi 500, mbuzi na kondoo ugonjwa wa sotoka, kuku ugonjwa wa kideri. Ndigana haikuwemo. Iingizeni kwenye ruzuku hiyohiyo na tarehe ya kuja ijulikane mapema, mkifanya hivyo hiyo semina ya kupunguza mifugo nitakuja hata bila posho.

Mfugaji, Simanjiro, Manyara