Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtambo Wetu wa Majitaka, Mvua na Bustani

Ndugu wanachama,

Mtambo haukusimama hata siku moja mwaka huu, lakini haukusafisha maji sawasawa mwaka mzima. Wakati wa kiangazi maji ya chemba ya mwisho yalikuwa ndani ya kiwango cha Tanzania cha majitaka, TZS 860, yaani BOD (kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji) isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Masika yalipoingia, maji yalivuka kiwango hicho. Chanzo chake kiko juu ya mapaa yetu, kwa hiyo naomba mnivumilie nianze na hesabu.

Mtambo ulijengwa kwa kaya 80, watu 400, kila mmoja lita 60 za majitaka kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 24. Yakitoka kwenye tangi la kutulizia, maji hupita vyumba 6 vilivyofungwa visiingie hewa. Katika kila chumba yanaingilia chini, yanapanda taratibu katikati ya tope lenye bakteria, kisha yanamwagikia chumba kinachofuata. Kila chumba kina eneo la mita za mraba 4 na kina cha mita 2, kwa hiyo vyote 6 vinabeba mita za ujazo 48, na maji hukaa humo siku mbili. Asubuhi, watu wakioga na kufua, yanaingia kama mita za ujazo 2.4 kwa saa. Ukigawa kwa zile mita za mraba 4 unapata mwendo wa kupanda wa sentimita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo tope linabaki chini na bakteria wanafanya kazi yao.

Sasa chukueni paa moja la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 30 kwa saa, ambayo si ngeni kwa masika ya Dar es Salaam, inatoa mita za ujazo 3 kwa saa. Paa moja limeshazidi mtaa mzima! Yakielekezwa mapaa mawili kwenye chemba, maji yanapanda mita 2.1 kwa saa badala ya sentimita 60. Tope linanyanyuka, linavuka chumba baada ya chumba na kuishia kwenye kokoto za matete, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa matete ambako maji hupita yakitoka vyumbani. Mvua ikikatika, vyumba vinabaki bila bakteria wa kutosha, na kuwakuza tena huchukua miezi. Samadi ya ng'ombe au tope la karo husaidia kuwarudisha, ila subira iko palepale.

Fundi amepima nyumba moja moja: ndoo ya maji yenye rangi inamwagwa kwenye mfereji wa paa, mtu wa pili anaangalia chemba. Rangi ikitokea, mfereji umeunganishwa. Wahusika wameshaelezwa nyumba kwa nyumba, na kamati inaleta pendekezo kwamba bomba la mvua litakalokutwa kwenye chemba likatwe siku hiyohiyo kwa gharama ya mwenye nyumba. Tazameni pia mifuniko. Mfuniko uliolala chini ya usawa wa uwanja unameza maji ya mvua pamoja na mchanga wake. Uinuliwe sentimita 10 hadi 15, ukingo uzibwe kwa mchanganyiko mwepesi wa mchanga na saruji kidogo, ili siku ya kuzibua ufunguke bila kupasuliwa.

Upande wa matete, maji yanatakiwa yabaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Mwezi Mei yalionekana juu, na mbu wakafuata. Wapo walioshauri kiwiko cha bomba la kutokea kiinamishwe ili maji yashuke. Kufanya hivyo kunaficha tatizo kwa wiki chache tu, kwa sababu iliyoziba ni mita ya kwanza ya kokoto, pale tope lilipoingilia. Dawa yake ni kufunga maji, kuchimbua mita hiyo, kuosha kokoto na kuzirudisha, mawe makubwa mwanzoni, kisha za milimita 10 hadi 20. Maji ya kuoshea yanarudishwa kwenye tangi la kutulizia. Kazi hiyo imekamilika.

Tope tunalipima kwa mti uliofungwa taulo jeupe: unazamishwa hadi chini, unasubiri dakika chache, unatolewa polepole, na alama nyeusi inaonyesha kimo. Likifika theluthi ya kina cha tangi la kutulizia, gari la kunyonya linaitwa. Kwenye vile vyumba 6 tunaacha sentimita 20 za tope, maana humo ndimo mbegu ya bakteria. Dereva wa gari hulipwa kwa kujaza tangi lake na atanyonya mpaka sakafuni asipozuiwa; kwa hiyo mjumbe wa kamati asimame pale hadi mwisho. Na mtu yeyote asiingie ndani ya chumba, hata kilichonyonywa, hata akiwa ameangusha simu. Gesi iliyomo haitoi onyo la kutegemewa. Inaangusha, na anayeshuka kuokoa anaanguka pia. Sigara na moto wa aina yoyote vikae mbali.

Kuhusu bustani inayomwagiliwa kwa maji ya mtambo, wengi mmeuliza kwa nini mchicha umekataliwa ilhali Moshi wakulima wanamwagilia mpunga kwa maji ya mabwawa ya majitaka. Mabwawa yanakaa na maji siku nyingi juani, na wali hupikwa. Maji yetu yanakaa siku mbili gizani. BOD inashuka, lakini vijidudu vingi na mayai ya minyoo hupita, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yai lisizidi moja kwa lita. Hatuna uhakika huo, kwa hiyo tunabaki na migomba: maji yanapita kwenye mabomba yenye matundu ya milimita 4 chini ya matandazo, tunda liko juu na linamenywa. Ncha za mabomba zifunguliwe kila wiki zitapike uchafu. Mbolea ya kukuzia haihitajiki, kwani sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi imo bado. Tukimwagilia milimita 5 kwa siku, mita za ujazo 24 zinatosha mita za mraba 4,800, zaidi kidogo ya ekari moja. Wafanyakazi wavae buti na glavu, na ndizi iliyoanguka chini isiokotwe kuuzwa.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Ninachoomba kutoka kwenu ni kura ya kutenga akaunti ya kunyonya tope isiyoguswa kwa ukarabati mwingine, na ridhaa ya kumaliza kukata mabomba ya mvua kabla ya mwezi Machi. Sampuli zinazofuata zitachukuliwa wiki ya pili ya mvua, asubuhi, kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6.

Mwenyekiti