Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa: hao panya wako wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Natumaini u mzima na kazi ya kulinda afya zetu inakwenda vizuri. Barua zangu za awali zilipokelewa, maana nakala zangu zina mihuri ya masjala yako. Zilikokwenda baada ya hapo ndiko nisikokujua. Hii ya leo naiandika hadharani ili isipotee.

Wiki iliyopita kijana mmoja nadhifu, shati limenyooshwa vizuri, aliingia kwenye kibaraza cha kliniki ya damu tukiwa kwenye foleni, akaanza kunadi unga wa stafeli. Kopo la kijani, picha ya tunda lililokatwa nusu, na pembeni yake picha ya panya mweupe. Chini ya panya kumeandikwa kwamba bidhaa imejaribiwa kwa wanyama na hukinga saratani ya damu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutiwa miwani, ipo namba ya usajili kutoka ofisini kwako.

Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu. Nikaona anavyolitazama lile kopo, moyo ukanilipuka.

Ana saratani ya damu, ile ya polepole, ambayo siku hizi mtu huishi nayo miaka mingi mradi ameze kidonge chake cha imatinibu kila siku bila kukosa. Mwaka jana aliacha vidonge kimyakimya, akawa anakoroga unga huo huo kwenye maji ya uvuguvugu, kopo kalificha nyuma ya masanduku. Niliyegundua ni mimi, na niligundua kwa mkanda wa suruali. Ulikuwa haufungi. Ubavu wa kushoto umejaa, ukigusa unakuta bandama ngumu imeshuka mpaka karibu na kitovu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda kiasi kwamba daktari aliamuru kipimo kirudiwe, akidhani mashine imekosea. Tukalazwa. Nasema tukalazwa kwa sababu nami nililala hapo, sakafuni. Kazi yake ikaenda, vitu vya ndani vikauzwa kimoja kimoja, watoto wakahamia kwa shangazi yao. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mke wangu, si wamepima? Mbona serikali imeweka namba?"

Serikali ni wewe, Mheshimiwa.

Sasa naomba kuonyeshwa hao panya. Sisemi hawapo. Lakini panya wa maabara hupatwa na saratani ya damu kwa njia zinazojulikana. Wapo wa ukoo wa AKR, wanaougua wenyewe kwa sababu huzaliwa na kirusi chake. Wapo wanaodungwa chembe za saratani zilizokuzwa, kama zile ziitwazo L1210. Wapo wanaoambukizwa kirusi alichokigundua mtafiti Charlotte Friend miaka ya 1950, na wapo wanaopewa kemikali. Hao wa kwenye kopo ni wepi? Walipewa unga kabla ya kuugua au baada? Ukimdunga panya saratani leo, kesho ukampa stafeli, hapo umejaribu tiba, na neno "hukinga" limetoka wapi? Kulikuwa na kundi ambalo halikupewa? Aliyehesabu chembe kwenye darubini alikuwa anajua yupi kapewa na yupi hakupewa?

Na je, walipimwa uzito? Hili usilidharau. Panya ukimchanganyia kitu kichungu kwenye chakula anakula kidogo, na tangu miaka ya 1940 watafiti wameonyesha kuwa panya wanaolishwa kidogo hupata saratani kwa uchache. Basi huenda kilichowakinga ni njaa. Njaa haihitaji kopo, Mheshimiwa; kwangu ipo tele.

Haya nimeyasoma usiku, mgonjwa akiwa amelala. Sina digrii. Wewe unayo, na wenye digrii umewajaza ghorofa nzima. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye kopo swali la pili?

Tafadhali usinijibu kwamba nazipinga dawa za miti. Vinblastini na vinkristini, dawa za saratani ambazo ya pili yake hutibu watoto wenye saratani ya damu, zimetoka kwenye ua la vinka. Huko Kanada, miaka hiyo hiyo ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer walikuwa wanatafuta dawa ya kisukari kwenye mmea huo. Panya wakadungwa maji ya majani ya vinka, sukari isishuke, zikashuka chembe nyeupe. Panya walisema kweli. Lakini kazi haikuishia kwa panya, na kilichofika wodini hakikuwa majani yaliyosagwa yakatiwa kwenye kopo.

Ofisa wako aliniambia kwenye simu kwamba hiki ni kirutubisho tu, hakidhuru. Mwambie asome habari za daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani. Miaka ya 1940 aliona watoto wenye saratani ya damu waliopewa asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, ugonjwa wao ukizidi kasi. Ndipo akageuka, akatafuta dawa ya kuipinga vitamini ile, na mwaka 1948 akatangaza nafuu za muda alizozipata. Hata stafeli lenyewe lina kesi yake: mwaka 1999, huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, watafiti walilihusisha tunda hilo na chai ya majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na ule wa Parkinson. Hakidhuru!

Ulipoingia ofisini ulisimama mbele ya kamera ukaahidi kwamba hakuna bidhaa itakayodai kuzuia au kutibu ugonjwa bila ushahidi kufika mezani kwako. Tulikupigia makofi. Sasa ama meza imejaa, ama ushahidi haukufika na namba ikatoka hivyo hivyo. Watu wanasema kuna mtu anakula. Mimi nashuku ni ile njia ya mkato: bidhaa inasajiliwa kama chakula ili isiulizwe maswali ya dawa, kisha inauzwa kama dawa kwenye foleni za wagonjwa. Nikikosea, nisahihishe kwa maandishi.

Nilitaka kukuomba uyaondoe makopo yote sokoni. Nilitaka pia kukuomba uzuie wauzaji kuingia kliniki, na uweke hadharani ripoti ya hao panya, kama ipo. Najua utaunda kamati. Kwa hiyo naomba moja tu: ufute yale maneno ya kukinga saratani ya damu kwenye lile kopo. Kwa wino mweusi, kwa kubandika karatasi juu yake, vyovyote utakavyoweza. Yafutwe wiki hii, kabla ya ripoti, kabla ya kamati. Yafutwe.

Wako mlipa kodi,
Mke wa mgonjwa