Mzee Anafanyiwa Upasuaji? Angalieni Usingizi Wake Mapema

Sisi huwatunza wazee kabla na baada ya upasuaji, na familia nyingi hutupigia simu siku ya pili au ya tatu baada yake. Mama aliyeingia akiwa timamu sasa anang'oa mpira wa dripu na kumwita dada yake aliyekwisha fariki. Au amelala tu, kimya, hata chakula haulizii. Madaktari huita hali hii diliriamu: akili kuvurugika ghafla, ikipungua na kuzidi ndani ya siku moja. Huwapata zaidi wenye miaka 65 kwenda juu, hasa waliovunjika nyonga. Yule aliye kimya ndiye husahaulika, maana hasumbui mtu wodini.

Tafiti zimeonyesha kwamba wazee waliokuwa wakilala vibaya kabla ya upasuaji, wakiwemo wanaokoroma hadi pumzi kukatika, hupata diliriamu zaidi ya wenzao. Haijathibitishwa kwamba usingizi peke yake ndio chanzo. Lakini umri hamuwezi kuupunguza. Usingizi mnaweza kuushughulikia.

Hapa Nairobi shida huanza nyumbani. Mzee anatolewa Kitui, anafikia kwa mwanawe Donholm, analazwa kwenye kochi sebuleni. Televisheni inazimwa saa sita usiku, na saa kumi alfajiri matatu za Outering zimeshaanza honi. Akilalamika, anapewa Piriton. Tafadhali msimpe. Dawa hiyo, pamoja na zile za usingizi za jamii ya diazepam, humwongezea mzee hatari ya kuchanganyikiwa. Ila kama amemeza vidonge vya usingizi kwa miezi, msivikatize ghafla, kwani hilo nalo huleta diliriamu. Daktari wa nusukaputi aambiwe yote, hata kukoroma.

Muuguzi wetu huja nyumbani wiki moja au mbili kabla, na kuacha daftari kando ya kitanda: amelala saa ngapi, ameamka kukojoa mara ngapi. Mara nyingi kurasa hizo hutuonyesha kidonge cha presha cha kukojoza kinachomezwa jioni, au chai ya majani saa tatu usiku. Kuhusu kidonge tunamuuliza daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi. Chai tunaihamisha wenyewe.

Baada ya upasuaji tunahakikisha ana miwani yake na kifaa cha kusikia, anakunywa maji akiruhusiwa, anaketi mchana, na usiku haamshwi bila sababu. Mwaka 1999 watafiti wa New Haven, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi: waliotunzwa kwa mtindo huu, asilimia 9.9 walipata diliriamu, dhidi ya asilimia 15 ya wengine. Hao walikuwa wa wodi za kawaida, si za upasuaji, lakini utunzaji wenyewe ndio huu tunaoufuata.

Tupigieni mkishapewa tarehe ya upasuaji, msingoje jioni ya kuamkia siku yenyewe.