Baada ya Kukatwa, Mifupa ya Pua Hushikiliwa na Nini?

Wengi wanaojiandaa kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha pua hutuuliza kama lile banzi linalobandikwa juu ya pua ndilo linalozuia mifupa isiporomoke. Banzi linasaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kabla halijabandikwa.

Mpasuaji anapoondoa nundu, mgongo wa pua mara nyingi hubaki na uwazi, na ili kuuziba hulazimika kukata mifupa ya pembeni na kuisogeza ndani. Patasi anayotumia huweza kuwa na upana wa milimita 2 tu. Baadhi ya wapasuaji huipitisha kwenye kitundu kidogo cha ngozi, kisha wakautoboa mfupa kwa vitundu vinavyofuatana kama mshono, badala ya kuukata kwa mkato mmoja mrefu. Kwa njia hiyo utando unaoufunika mfupa hubaki umeshika pande zote mbili za mkato, na kwetu hakuna kishikizi kinachoupita; ukibanduliwa kupita kiasi, kipande cha mfupa hulegea na kinaweza kudidimia. Chini kabisa, pembeni mwa mwanya wa pua, kuna kipembe cha mfupa ambacho kwa kawaida huachwa bila kuguswa, kwa sababu kikisukumwa ndani hubana njia ya hewa. Pua ya kupendeza isiyopitisha hewa hatuihesabu kuwa mafanikio.

Mifupa ikiwa imevunjika vipande vipande, pengine kwa ajali ya zamani, huweza kutegemezwa kwa ndani na kijazio kinachoyeyuka, au kutobolewa na kushonwa. Vipande vyembamba vya gegedu (tishu imara inayonyumbulika, laini kuliko mfupa) navyo hupachikwa kando ya ukuta wa katikati ili gegedu za pembeni zisizame chini ya mifupa, kwani zikizama, umbo la V iliyopinduliwa hujitokeza kwenye mgongo wa pua uvimbe unapopungua.

Banzi huvaliwa kwa takribani siku 7. Linapotolewa, mifupa bado haijaunga vizuri, ndiyo maana tunawaomba wateja wasilale kifudifudi, wala wasivae miwani inayokalia mgongo wa pua kwa wiki 4 hadi 6, isipokuwa daktari aelekeze vinginevyo. Ukigongwa katika kipindi hicho na kuona pua imekwenda upande, fika kliniki mapema, kwa kuwa mifupa ambayo haijaunga mara nyingi hurudishwa mahali pake bila kukatwa upya.